Kiharusi cha Watoto na Safari ya Rufaa

Kiharusi, yaani hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka, huhesabiwa na wengi kuwa maradhi ya wazee wenye shinikizo la damu, na kwa hiyo mtoto anapolegea mkono na mguu wa upande mmoja katika kata kama Kisanga, wilayani Kilosa, huweza kudhaniwa kuwa ana degedege au malaria kali. Dhana hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa malaria na kushuka kwa sukari huleta dalili zinazofanana, na vyote viwili huweza kupimwa zahanati kwa tone la damu.

Hata hivyo, nchini Tanzania swali la selimundu halipaswi kusubiri. Huu ni ugonjwa wa kurithi ambao hupinda chembe nyekundu za damu zikawa na umbo la mundu, zikaharibu kuta za mishipa. Watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na pasipo kinga, takriban mmoja kati ya kumi hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Dawa kuu ya dharura ya kiharusi hicho ni damu ya kuongezewa, au kubadilishiwa kidogo kidogo, hivyo hospitali inayopokea mgonjwa yapasa ipigiwe simu angali njiani, isianze kutafuta wachangiaji gari likiwa limekwisha kuegeshwa. Wakati huo mtoto hulazwa ubavu, wala halishwi mpaka ithibitike kuwa anameza vizuri. Ngazi za rufaa, kutoka zahanati hadi wilaya, mkoa na hatimaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, ni nyingi, na foleni ya mapokezi katika kila ngazi huweza kula muda mwingi kuliko barabara yenyewe.

Kinga ina nafuu zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa altrasaundi ya kichwa hubaini mishipa ambamo damu hukimbia sentimita 200 au zaidi kwa sekunde, na kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa namna hiyo hupunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Damu ya kila mwezi ni vigumu kupatikana, ndiyo maana watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walijaribu vidonge vya haidroksiyurea, na kasi ya damu katika mishipa hiyo ikashuka. Kwa familia ya Kisanga, basi, la kudai ni kliniki ya selimundu iliyo karibu, yenye vidonge hivyo na daftari la kumfuatilia mtoto asiyerudi tarehe yake.