Mkataba wa ughaibuni: nani aliyekusomea?

Alasiri moja ya mwezi Desemba 2025, mvua ya mawe ikipiga mabati kama ilivyo desturi yake katika nchi hii ya chai, jirani yetu mmoja wa hapa Kapsoit alibisha hodi akiwa ameandamana na mwanawe. Mama huyo alinilea nusu ya utoto wangu; kwake mimi si daktari wala mhadhiri, ni mtoto tu. Alikataa hata chai. Alimwamuru kijana atoe simu, kisha akaniambia: "Wewe ndiwe uliyesomea lugha mpaka zikaisha. Tusomee hii, halafu utuambie kama huyu aende au asiende."

Simuni mlikuwa na kurasa mbili zilizopigwa picha. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa Kiingereza. Uliahidi kazi ya kulinda ghala nchini Urusi, mshahara wa mwezi mmoja ambao mama huyo haupati kwa majani chai ya mwaka mzima, na nauli ya ndege juu ya mwajiri. Wa pili ulikuwa wa Kirusi, na chini yake palikuwa na mstari wa kutia saini. Nina shahada ya uzamivu katika isimu. Naweza kukueleza sauti za Kirusi hutamkiwa wapi kinywani, na jinsi vitenzi vyake vinavyotofautisha kitendo kilichokamilika na kisichokamilika. Kuusoma ukurasa ule sikuweza.

Swali la mama yule linaulizwa siku hizi katika nyumba nyingi, na majibu yake huja kwa haraka mno. Wako wasemao kwamba penye vita hapaendwi, basi. Wako wanaojibu kwamba watu hufa hata kwenye barabara hii yetu ya Kericho kwenda Kisumu, na kwamba ajali haina kinga. Naona pande zote mbili zimeruka hatua. Kabla ya kuuliza kama nchi fulani ina vita, sharti tuulize kama msafiri anajua anakwenda kufanya nini, na amelijua hilo kwa lugha gani.

Kuna vita vinavyomkuta mtu na kuna vita anavyopelekwa. Wanafunzi wetu waliokuwa Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na wenzao waliokuwa Khartoum mapigano yalipozuka tarehe 15 Aprili 2023, walikutwa. Uamuzi uliobaki mikononi mwao haukuwa wa kwenda bali wa kutoka, na hata huo uliwategemea zaidi wenye mabasi, walinzi wa mipaka na balozi. Vijana wawili wa Tanzania waliokuwa Israel wakijifunza kilimo kwa vitendo walikutwa vilevile, tarehe 7 Oktoba 2023, na wote wawili wakapoteza maisha. Mwili wa mmoja wao ulikabidhiwa mwezi Novemba 2025, baada ya miaka miwili ya kusubiri.

Miezi miwili tu baada ya siku hiyo ya Oktoba, Wizara ya Leba ya Kenya ilitangaza nafasi 1,500 za vibarua wa mashambani huko huko Israel, kwa ujira wa dola 1,500 za Marekani kwa mwezi. Nakiri kwamba nilipoisikia habari hiyo nilikasirika. Leo hasira yangu imepungua kidogo, kwa sababu moja: aliyekwenda alijua jina la nchi, alijua jina la kazi, na alijua kwamba makombora yanarushwa. Huenda alikosea, lakini alikosea mwenyewe.

Hali ya watumishi wa nyumbani waliokuwa Lebanon mwaka 2024 ilikuwa tofauti. Serikali ilikadiria kwamba Wakenya 26,000 walikuwa katika nchi hiyo. Chini ya utaratibu uitwao kafala, ukaazi wa mfanyakazi hufungamanishwa na mwajiri mmoja, na mara nyingi pasipoti hukaa kabatini mwa mwajiri huyo. Mabomu yalipozidi kuanguka mwezi Septemba, wako waajiri waliokimbia wakawaacha watumishi wao nyuma. Ubalozi wetu ulioisimamia Lebanon ulikuwa Kuwait. Haya ni mambo ambayo msichana angeweza kuyauliza kabla ya kupanda ndege, lau angalikuwapo mtu wa kumwambia kwamba yanaulizwa.

Urusi ndiyo iliyotuletea sura mpya kabisa. Mwezi Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwatoa vijana zaidi ya 20 katika nyumba moja nje ya Nairobi walimokuwa wakingojea kusafirishwa. Mwezi huo huo jeshi la Ukraine lilimwonyesha mwanariadha mmoja Mkenya lililomteka vitani. Alisimulia kwamba alikwenda Urusi kama mtalii, akaahidiwa kazi, akapewa karatasi za Kirusi asizoweza kuzisoma, akatia saini. Kufikia Novemba, Waziri wetu wa Mambo ya Nje, Musalia Mudavadi, alisema kuwa Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi. Wengi walimcheka mwanariadha yule. Wanamichezo wa nyanda zetu hizi wamezunguka dunia kwa miguu yao tangu enzi za Kipchoge Keino. Yawaje mmoja wao asijue anatia saini nini? Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona kisa kingine.

Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kuhusu wasichana wapatao 200 kutoka nchi za Afrika, wa umri wa miaka 18 hadi 22, waliokwenda katika eneo la viwanda la Alabuga, jimbo la Tatarstan. Matangazo yalizungumzia masomo na kazi za hoteli. Walipofika, wengi waliwekwa kwenye kiwanda cha kuunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Mwezi Aprili mwaka huo ndege ya Ukraine ilikuwa imekwisha kulipiga bweni la eneo hilo na kujeruhi watu. Jambo lililonikaa moyoni ni kwamba, kwa mujibu wa ripoti hiyo, mtihani wa lugha uliotakiwa ili mtu akubaliwe ulikuwa wa maneno 100 ya Kirusi. Mia moja! Wanaisimu tunayo orodha mashuhuri ya idadi hiyo hiyo, aliyoiandaa Morris Swadesh, ya dhana za msingi ambazo huaminika kuwamo katika kila lugha: maji, moto, mtu, jina. Kufa imo katika orodha hiyo, na kuua pia. Mkataba haumo.

Neno hilo mkataba tulilipata kutoka Kiarabu, kwa mzizi ule ule uliotupatia kitabu, katibu, katiba na maktaba. Mkataba ni jambo lililoandikwa. Basi uzito wake wote uko upande wa anayejua kuandika, na asiyeweza kusoma hubaki na kidole gumba tu. Nchi hii ya chai inalijua hilo kwa damu. Mashamba makubwa ya Kericho yalipoanzishwa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zake, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Ilikuwa karatasi inayomhusu yeye, iliyoandikwa asivyoweza kuisoma, na bila sahihi ya mwajiri wa zamani hangeweza kwenda kwa mwajiri mpya. Kabla ya hapo, katika vita vya 1914 hadi 1918, mamia ya maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, na wengi wakafa kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Majina hayo ni Kiingereza kilichosikiwa kwa sikio la mtu ambaye hakuonyeshwa kikiwa kimeandikwa.

Turudi chini ya mabati. Nilimkumbuka mwenzangu wa zamani, sasa mstaafu, aliyesomea Moscow katika miaka ya 1980, wakati Wakenya walikuwa wakipewa nafasi za masomo na Muungano wa Kisovieti. Nikamtumia ule ukurasa. Baada ya nusu saa alipiga simu, nikaiweka sauti juu ili wote wasikie. Alisoma polepole, akitafsiri kifungu kwa kifungu. Neno lililokuwa likirudi mara kwa mara, alisema, ni "sluzhba", ambalo ni utumishi, ofisini au jeshini. Hilo peke yake lingeweza kuvumilika. Kisha ikaja sentensi kwamba mtumishi "atahamishwa kadiri ya mahitaji ya utumishi". Nami kwa mazoea ya darasani nikauliza: atahamishwa na nani? Kimya. "Hapakusemwa," akajibu. Kifungu kilichofuata kilimtaja kamanda. Kingine kilitaja malipo kwa jamaa iwapo mtumishi atauawa. "Ndugu yangu," akasema, "ghala halina kamanda."

Mama aliangalia chini. Kijana naye hakushtuka kama nilivyotarajia. Alisema: "Mwalimu, mimi nilidhani ni fomu tu." Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti isiyo na ukaidi wowote: "Sasa ukinikataza, utanipa nini?"

Mama alimkemea kwa kumjibu mkubwa hivyo. Mimi sikuwa na la kumkemea. Kijana huyo ana stashahada. Alifanya kibarua cha msimu katika shamba moja kubwa la chai hadi mashine za kuchuma zilipoichukua nafasi yake na ya wenzake. Watu wa Kericho wanakumbuka mwezi Mei 2023, mashine kama hizo zilipochomwa moto. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu, lakini anayewashangaa vijana hawa kwa kuikimbilia Urusi na aje asimame Kapsoit saa tatu asubuhi, ahesabu wenye vyeti walioketi juu ya pikipiki wakingoja abiria. Ibara ya 39 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutoka nchini. Haki hiyo siitaki iguswe. Nisemalo ni kwamba Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwa hiyo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, inayosajili mawakala wa kazi za nje, haina udhuru wa kumruhusu wakala yeyote kumtia mtu ndege kwa mkataba usio na tafsiri rasmi aliyokabidhiwa mwenyewe, siku kadhaa kabla ya saini. Ukalimani na tafsiri tunavifundisha vyuoni. Wahitimu wake nao ni miongoni mwa wale walioketi juu ya pikipiki.

Hapa nawageukia walimu wenzangu, na nawaomba radhi kwa kuwa nami simo nje ya lawama. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili tunawahoji watahiniwa kuhusu isimujamii. Tunawapa mazungumzo mafupi, tunawaambia wabainishe sajili, kisha wataje sifa zake. Mtahiniwa hodari ataandika kwamba sajili ya kisheria hutumia msamiati maalumu, sentensi ndefu na marejeleo ya vifungu, naye atapata alama zote. Hata hivyo anaweza kumaliza kidato cha nne bila ya kuushika mkataba halisi mkononi. Kijana wa jirani yangu alinikumbusha, kwa heshima zote, kwamba alipata alama ya A katika Kiswahili.

Kauli ya kutendwa tunaifundisha vizuri sana: chai inachumwa, mtoto analelewa. Tumepata kuwaambia wanafunzi kwamba kauli hiyo ndiyo maficho makuu ya mwenye nguvu? "Atahamishwa", "atakatwa", "atarejeshwa": mtenda yuko wapi? Ukileta darasani hati ya mkopo, au makubaliano ya kukodisha majani chai ambayo wazazi wengi wa huku hutia saini wakati wa karo, ukawaambia wanafunzi wapigie mstari kila kitenzi kisicho na mtenda, utakuwa umefundisha sarufi na ufahamu kwa kipindi kimoja. Waulize pia ahadi hii inavunjika lini, na anayetaka kuondoka ataondokaje. Pasipoti itakaa kwa nani? Ubalozi wetu uko mji gani? Maswali hayo hayahitaji Kirusi.

Kijana hakutia saini. Wakala alimtumia ujumbe mara tatu akimwambia kwamba nafasi zinaisha, kisha akanyamaza. Yamkini alipata mwingine. Wiki iliyopita mama alinipigia simu kwamba karatasi nyingine imekuja, safari hii ya nchi moja ya Ghuba: upande wa kulia Kiarabu, upande wa kushoto Kiingereza. Nilimweleza kwamba katika nchi hizo aghalabu ni upande wa kulia unaotambuliwa mahakamani, na kwamba itabidi tutafute mtu wa kuusoma. Akaniuliza kama nimesomea na hicho. Nikamwambia hapana, lakini Jumamosi nitakuja, na amwambie kijana asitie chochote mpaka nifike.