Mawe ya Figo: Paka na Wewe

Ndugu msomaji, paka ni mlinzi wa ghala lako. Bila yeye panya hutoboa magunia na kula mahindi. Je, umewahi kumwona paka dume akichuchumaa mara nyingi bila kutoa mkojo? Hulia, hujilamba, kisha huchuchumaa tena. Wengine husema amefunga choo. Wengine husema amerogwa. Mara nyingi njia yake ya mkojo imeziba.

Mawe hutokana na nini?

Figo huchuja damu. Huondoa uchafu na kuutoa pamoja na maji. Huo ndio mkojo. Ndani ya mkojo mna chumvi za aina nyingi. Chumvi mojawapo huitwa oksaleti. Maji yakipungua mwilini, oksaleti hushikana na kalsiamu, yaani madini yanayojenga mifupa. Huganda kama chumvi inavyoganda kando ya Ziwa Balangida wakati wa kiangazi. Kwanza huwa chembe kama mchanga, baadaye huwa jiwe. Mawe mengi ya figo, ya paka na ya watu, ni ya aina hii.

Paka hunywa maji kidogo kwa sababu asili yake ni paka-mwitu wa nchi kavu. Maji mengi huyapata katika nyama ya panya. Paka anayelishwa ugali mkavu na dagaa wakavu huyakosa. Tena, njia ya mkojo ya dume ni nyembamba. Ndiyo maana dume huziba kuliko jike.

Vijidudu wema

Si vijidudu wote ni adui. Tumboni mwa ng'ombe na mbuzi wetu hapa Getanuwas wamo bakteria wanaosaidia kusaga majani. Baadhi yao hula oksaleti. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani waliwatambua bakteria wa aina moja ambao chakula chao ni oksaleti. Bakteria hao wamo pia matumboni mwa watu wengi. Oksaleti ikiliwa tumboni, haifiki kwenye figo. Wataalamu wanachunguza kazi hiyo kwa paka pia.

Dawa za kuua bakteria hazichagui. Huua wabaya na wema pamoja. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa wengi wa Uingereza. Watu waliomeza aina 5 za dawa hizo walipata mawe ya figo zaidi kuliko wengine. Miongoni mwa dawa hizo zimo za jamii ya salfa na za jamii ya amoksilini. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto.

Hii haina maana kwamba dawa hizo ni mbaya. Huokoa maisha ya watu wenye nimonia na magonjwa mengine. Ukiandikiwa na mganga, meza kama alivyokuagiza. Ubaya ni kununua vidonge vya rangi mbili dukani kwa kila mafua. Mafua hayaletwi na bakteria, kwa hiyo vidonge hivyo haviyaponyi.

Fanya hivi

1. Mwekee paka maji safi katika bakuli kila siku. Chakula chake kiloweshe kwa maji au mchuzi usio na chumvi.

2. Paka akishindwa kukojoa, mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Aliyeziba kabisa anaweza kufa kwa siku 2 au 3. Usimminye tumbo, maana kibofu kinaweza kupasuka.

3. Usimpe paka vidonge vilivyobaki nyumbani. Parasetamoli, inayotuliza kichwa chako, humwua paka.

4. Wewe mwenyewe kunywa maji yaliyochemshwa, hasa ukitoka shamba au machungani. Tazama mkojo wako. Ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza maji.

5. Ukipata maumivu makali ubavuni yanayoshuka hadi kinenani, au mkojo wenye damu, fika zahanati. Ukiwa na homa pia, au ukishindwa kukojoa, fika upesi zaidi.

Ndugu msomaji, maji ya kunywa huzuia mawe mengi. Kiangazi maji huchotwa mbali, na ndoo ni nzito. Hata hivyo, usiwabanie watoto maji ya kunywa, na usimsahau mlinzi wa ghala. Msomee na jirani yako habari hii.