Ganzi ya Paja: Mshipa wa Fahamu Unapobanwa

Kila msimu wa mavuno hutokea wanachama wanaolalamika kwamba ngozi ya paja, upande wa nje, inawaka kama iliyopakwa pilipili, au imekufa ganzi. Wengine hudhani wanaanza kupooza, wakamaliza malipo ya mazao yao kwa kununua dawa zisizohusika. Yafaa basi chanzo chake kieleweke.

Penye kinena, karibu na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, hupita mshipa wa fahamu utokao kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, kwenda kwenye ngozi ya paja. Kazi yake ni kupeleka habari za mguso, joto na maumivu tu. Hauendeshi msuli wowote. Kwa hiyo ukibanwa, ngozi huumia lakini mguu haupungui nguvu. Hiyo ndiyo alama kuu ya ugonjwa huu, ambao madaktari huuita meraljia parestetika.

Mambo yanayoubana ni mkanda au kamba iliyokazwa kiunoni, kama ya mchumaji kahawa aliyejifunga kikapu; unene wa tumbo; ujauzito; na kusimama kwa muda mrefu. Wenye kisukari hupatwa kwa urahisi zaidi.

Daktari hupima nguvu za mguu, hugonga chini ya goti kwa kinyundo, na hugusa ngozi kwa pamba. Yote yakiwa sawa isipokuwa ngozi ya paja, ugonjwa huwa umejulikana. Penye shaka huchoma sindano ya ganzi karibu na nyonga. Maumivu yakitulia, shaka huondoka.

Tiba ya kwanza haina gharama: kulegeza mkanda, kuhamishia kikapu begani, na kupunguza uzito kwa aliyenenepa. Wengi hupona hivyo baada ya wiki au miezi kadhaa. Wasiopona huchomwa sindano ya kutuliza uvimbe. Upasuaji ni nadra.

Lakini mguu ukilegea, haja ndogo ikishindwa kuzuilika au kutoka, au likionekana baka lililofifia rangi lisilohisi kitu, ambalo huenda likawa ukoma, mgonjwa asingoje. Aende hospitali mara moja.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya kabla ya uchumaji kuanza.