Siku Moja Pwani (Sehemu ya Pili): Kutoka Mtwapa hadi Malindi kwa Saa ya Bahari

Katika sehemu ya kwanza tulivuka Likoni tukashuka Tiwi na Diani. Leo tunageukia kaskazini ya Mombasa, kwenye barabara ya kilomita 120 hivi inayopita Mtwapa, Kilifi na Gede hadi Malindi. Anayetoka alfajiri kwenye njia hii anaweza kuona mji wa mawe wa karne ya 14, akaoga baharini, akala samaki wa siku hiyo, na usiku akalala kitandani kwake. Ila mambo hayo hayapangiki kwa saa ya matatu peke yake. Bahari nayo ina saa yake, na wengi wetu tunasafiri bila kuiuliza.

Matokeo yake yanaonekana Kikambala karibu kila msimu wa likizo. Basi la shule linafika saa 4 asubuhi, watoto wameahidiwa bahari tangu wiki iliyopita, na wanaposhuka wanakuta uwanja wa mchanga mbichi, majani ya bahari na vidimbwi. Maji yenyewe ni mstari mweupe kule mwambani. Wanazungukazunguka juani, wanakula chakula chao chini ya minazi, na maji yanapoanza kurudi kwa nguvu dereva anapiga honi. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu watoto hao wanarudi bara wakiamini kwamba bahari ni tope. Kumbe siku ilichaguliwa bila kutazama mwezi, basi.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kwani mwezi nao huchelewa kiasi hicho hicho kupita juu yetu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo bamvua inapokuja, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji makavu pale Kilindini huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na tena 22 au 23, jua linavuta huku na mwezi kule. Maji huwa mafu: hayapandi sana, hayashuki sana. (Tarehe ninazotaja ni za mwezi wa angani, zile za kalenda ya Kiislamu inayotundikwa kwenye maduka mengi ya pwani.)

Jambo linalomfaa msafiri zaidi ni hili, na kila mvuvi analijua: saa za bamvua hazihami. Siku za bamvua maji huwa makavu kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, kisha hujaa saa 10 au saa 11 jioni, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa asubuhi na kupungua jioni. Kati ya hizo zipo siku bora kwa familia inayotaka kuoga tu: tarehe 11 na 12, na tena 26 na 27, ambapo maji hujaa mnamo saa 7 mchana. Asiyehesabu mwezi anaweza kutazama jedwali la maji la Kilindini, ambalo Mamlaka ya Bandari ya Kenya hulichapisha, na saa zake zinatosha kwa ukanda huu wote.

Tuanze njia. Mtwapa ni mahali ambapo foleni ya magari inakula muda wa watu, na aliyepita pale kabla ya saa 1 asubuhi amejiokoa. Upande wa kaskazini wa mdomo wa hori, kwenye ufuo, yapo magofu ya Jumba la Mtwana. Mji huu ulistawi karne ya 14 na kuachwa mapema katika karne ya 15. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba mwaka 1972. Misikiti minne imesalia, pamoja na nyumba zenye vyumba, vyoo na visima, zote za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, katikati ya mibuyu. Msikiti wa Baharini ndio wa kukaa. Maji yakijaa, mawimbi huwa hatua chache tu kutoka ukutani, na upepo unapita humo bila kizuizi. Watu wengi hutembelea mahali hapa kwa nusu saa. Mimi ningetenga saa mbili, na ningewaacha watoto watafute wenyewe mahali ambapo maji ya udhu yalikuwa yakihifadhiwa.

Kutoka hapo kwenda Kikambala si mbali, na ikiwa ni siku ya bamvua, saa 4 asubuhi ndiyo saa ya kutembea kuelekea mwambani. Ule uwanja uliowavunja moyo watoto wa basi ni shamba lenye uhai, ukiuendea kwa kusudi la kuutazama. Kina mama na vijana huwa wametangulia na vijiti vyao wakitafuta pweza kwenye mashimo. Vidimbwini wamo samaki wadogo wa rangi, kaa, viti vya pweza, na wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao ndio sababu ya kuvaa viatu vya mpira. Fuateni mwenyeji, msikanyage matumbawe hai, na kila jiwe mlilolipindua lirudisheni lilivyokuwa, maana walio chini yake hufa wakipigwa na jua.

Hapa kuna hatari ambayo wageni hawaijui. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda kidogo sana, mtu hata hashtuki. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa kasi. Tena hayaanzi kukufuata kutoka mwambani. Hupitia milango ya mwamba na kujaza kwanza mabonde yaliyo kati yako na ufuo, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia ya kurudi imeshafika kiunoni. Mara maji yakianza kugeuka, geuka nayo.

Kwa saa hiyo hiyo ya maji ndipo unapoelewa kwa nini miji ya kale ilikaa penye hori: Mtwapa, Takaungu, Kilifi. Jahazi lilihitaji mahali pa kuingia na maji yaliyojaa, likae salama nyuma ya mwamba, kisha maji yakipwa lilale mchangani ili mafundi walitie kalafati na kulipaka shahamu tumboni. Bandari bila kupwa kwa maji ingemlazimu nahodha kutafuta namna nyingine ya kukitengeneza chombo chake. Kilifi inaonyesha jambo hili vizuri. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 tunaivuka hori kwa dakika moja na kuendelea, lakini kabla ya hapo magari yote ya Malindi yalingoja feri, na waliongoja walipata nafasi ya kuyatazama maji. Ningeshauri msafiri wa leo naye asimame upande wa kusini, kwenye magofu ya Mnarani, juu ya jabali linalotazama hori. Mji huo uliishi kuanzia karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, na una kaburi la mnara, msikiti wenye maandishi yaliyochongwa kwa ustadi, kisima kirefu, na mibuyu mikubwa. Ukiwa juu pale unaona mkondo wenyewe, ukiingia au ukitoka, na rangi mbili za maji zinavyokutana. Kwa kuoga, ufuo wa Bofa ng'ambo ya pili una mchanga mweupe, na hauna haja ya maelezo mengi.

Gede ni habari nyingine, na hapo nitakawia. Mji huu hauko baharini. Uko kilomita kadhaa ndani ya msitu, karibu zaidi na hori ya Mida kuliko na bahari kuu, na bado ndani yake zilichimbuliwa bakuli za kaure kutoka China, shanga, vyombo vya kioo na sarafu za mbali. Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948 na kuendelea kwa takriban miaka kumi. Nyumba alizipa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya sarafu ya Kichina. Lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ambalo liliwasaidia wataalamu kukadiria umri wa yaliyo jirani yake. Upo msikiti mkuu, jumba lenye nyua na mabaraza, na ukuta wa mji. Na lipo swali ambalo bado linawasumbua wanahistoria: Wareno walikaa Malindi, mwendo wa kilomita 15 tu, kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, lakini katika maandishi yao Gede haitajwi. Mji uliachwa karne ya 17. Kushuka kwa maji ya visima ni moja ya sababu zinazotolewa, na uvamizi ni nyingine. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kinaonyesha kwamba kiliongezwa kina.

Julai 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima iliyostahili kuja mapema zaidi. Natamani iwafanye watu wa Mombasa, Kilifi na Malindi wenyewe waijaze, maana kwa miaka mingi vitabu vya wageni pale vimejaa majina ya Ulaya kuliko yetu.

Kwa mpangilio wa siku, Gede ina fadhila moja kubwa: ni kivuli. Misufi, mibuyu na miti mingine mikubwa imefunika mitaa yake, na saa 7 mchana, jua la ufuoni likichoma, humo unatembea kwa raha. Kwa hiyo siku ya bamvua, tembea mwambani asubuhi, ingia Gede mchana, na saa 9 na nusu teremka Watamu maji yakiwa yamekaribia kujaa. Siku ya maji mafu fanya kinyume: oga asubuhi, uende Gede baadaye. Chakula kipo njia panda na Watamu mjini, kuanzia mahamri na mbaazi hadi samaki wa kukaanga kwa wali wa nazi.

Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, ilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Manahodha wa mashua hupenda kuwapeleka watu kwenye matumbawe maji yakiwa yamepungua, kwa sababu wakati huo mwamba hukata mawimbi na matumbawe huwa karibu na macho. Sehemu kubwa ya matumbawe hayo ilikufa kwa joto la bahari la mwaka 1998, na yaliyoota tena yanahitaji kuachwa. Usisimame juu yake hata ukichoka. Shika kamba ya mashua. Ada ya hifadhi hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hiyo maliza jambo hilo kabla ya kufika ufuoni. Nyuma ya Watamu, hori ya Mida ina msitu wa mikoko na daraja la mbao na kamba linalosimamiwa na wenyeji. Fika maji yakiwa yanaingia, kati ya Septemba na Aprili, uone makundi ya ndege waliotoka Ulaya na Asia yakisukumwa na maji kutoka kwenye matope, hatua kwa hatua, kukujia.

Malindi inatii saa ya pepo kuliko saa ya maji. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 na kuondoka baada ya siku chache, akiwa amepewa rubani, mara tu kusi ilipoanza kuvuma. Chini ya mwezi mmoja baadaye alikuwa Calicut. Rubani huyo mara nyingi hutajwa kuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi sasa hawalikubali hilo. Msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon bado uko juu ya nguzo kwenye rasi. Kwangu mimi, hata hivyo, safari kubwa ya Malindi ni ile ya mwaka 1415, twiga alipopelekwa kutoka hapa hadi kwa mfalme wa China. Mnyama mrefu vile, katika chombo cha tanga, kukatisha bahari yote hiyo. Makaburi ya mnara yaliyo karibu na Msikiti wa Juma ni ya kipindi hicho cha utajiri, na ni mwendo mfupi tu kutoka sokoni.

Msafiri wa kuoga ndiye anayepaswa kujua habari za mto. Sabaki, ambao kule juu huitwa Athi na kisha Galana, humwaga udongo wake kaskazini ya mji. Kusi ikivuma, udongo husukumwa kuelekea Mambrui na mbele yake. Kaskazi ikiingia, hasa baada ya mvua za vuli, hurudishwa Malindi, na maji ya mbele ya mji huwa mekundu. Udongo huo umeupanua ufuo wa Malindi kwa miaka mingi, na ndio unaoleta vipande vinavyometameta mchangani. Sasa likizo ya Desemba, ambayo wengi huja, ndiyo kaskazi yenyewe. Kwa hiyo aliyefika mjini akakuta maji mekundu asikate tamaa wala asimlaumu aliyempendekezea Malindi. Apande tuktuk aelekee kusini, Silversand na Casuarina, na ikibidi ashuke hadi Mayungu, ambako maji yakipwa mchanga mweupe huinuka katikati ya bahari na mtu akatembea juu yake. Agosti mambo hugeuka: mbele ya mji maji hupungukiwa na udongo, lakini bahari ya nje huwa na mawimbi, mwani hulundikana fukweni, na safari za matumbawe hukatizwa mara kwa mara.

Matatu za kurudi Mombasa hupungua giza likiingia, na foleni ya Mtwapa jioni ni ndefu kuliko ya asubuhi. Anayetaka kulala nyumbani aondoke Malindi kabla ya saa 11, hata kama ni siku ya bamvua na maji ndiyo kwanza yamejaa.

Sehemu ya tatu itavuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na korongo la Marafa.