Kipimo Kinachoona Kiharusi Kabla Hakijafika

Wengi wetu tukisikia altrasaundi tunawaza mama mjamzito tu. Lakini ipo altrasaundi ya kichwani, wataalamu huiita TCD, inayoweza kuonyesha kwamba mtoto mwenye sikoseli yuko hatarini kupata kiharusi wakati bado anakimbia uwanjani na wenzake. Sisi tutakaopangiwa kufundisha Tarime au Serengeti, jambo hili linatuhusu, tusiwaachie watu wa udaktari peke yao.

Sikoseli ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, hukwama kwenye mishipa na kufa mapema. Utafiti wa damu za watoto wachanga uliochapishwa 2020 ulionyesha kuwa katika mikoa ya kaskazini-magharibi, Mara ikiwemo, karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba chake, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 anao ugonjwa wenyewe. Bila kinga, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa aina kali hupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20.

Sasa kipimo kinafanyaje kazi? Fikiria bodaboda inayokuja kwa kasi: mlio wake ni mwembamba, ikishakupita unakuwa mnene. Ndiyo Doppler ile ya kwenye fizikia. Mashine hutuma mawimbi ya sauti kupitia mfupa mwembamba karibu na sikio, yanagonga chembe za damu na kurudi yamebadilika, kisha kasi ya damu inapigiwa hesabu. Hakuna sindano wala mionzi.

Kwa nini kasi? Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji huruka kwa nguvu. Mshipa wa ubongo ukianza kuziba, damu nayo hukimbia. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida. 170 hadi 199 mtoto anafuatiliwa kwa karibu. 200 kwenda juu ni hatari kubwa.

Je, kujua kunasaidia? Sana. Nchini Marekani, utafiti uitwao STOP, uliochapishwa 1998, uliwachukua watoto 130 wenye kasi kubwa. Kati ya 67 waliopata matibabu ya kawaida, 11 walipata kiharusi. Kati ya 63 waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara, alikipata 1 tu. Utafiti ulisitishwa mapema kwa sababu jibu lilishaonekana.

Ila kwetu damu salama ya kila mwezi ni ngumu kupata. Ndiyo maana watafiti wa Bugando, Mwanza, wakishirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, walianza 2019 utafiti wa SPHERE: kuwapima watoto kwa TCD, kisha walio hatarini kuwapa vidonge vya haidroksiyurea. Kasi ya damu ilishuka.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Hakioni vidonda vidogo vya ubongo visivyo na dalili za nje, ambavyo hupunguza umakini darasani. Hivyo huonekana kwa MRI. Tena hakimsaidii mtoto ambaye hajulikani kama ana sikoseli. Kutoka Nyamongo au Mugumu hadi Bugando ni safari ndefu ya basi na nauli si ya mtu mmoja. Hakuna mzazi atakayeianza bila mtu kumwambia kwa nini.

Hapo ndipo mwalimu anaingia. Mtoto mwenye macho ya njano, anayeumwa viungo baridi ya Tarime ikizidi, anayekosa shule kila mara na alama zake kushuka, tusikimbilie kumwita mvivu. Tumshauri mzazi ampeleke akapimwe damu kwanza. Na siku mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, hata kama dalili zimepita baada ya dakika chache, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.