Fahamu: Spellcaster University, gemu ya mkakati ndani ya chuo cha uchawi

Spellcaster University ni gemu ya mkakati iliyoundwa na studio ya Ufaransa, Sneaky Yak, na kutoka rasmi mwaka 2021. Mchezaji ndiye mkuu wa chuo cha uchawi wa kubuni. Anajenga madarasa, anaajiri walimu na kulea wanafunzi hadi wahitimu.

Ujenzi hautegemei fedha pekee. Kila somo huzalisha nguvu zake za kichawi, na nguvu hizo ndizo zinazonunua kadi. Kadi moja huleta darasa, nyingine mwalimu au kifaa. Anayeimarisha masomo ya maumbile, kwa mfano, hupata zaidi kadi za upande huo, hivyo uamuzi wa mapema huelekeza chuo kizima.

Wakati huohuo, jeshi la Bwana wa Uovu linasogea. Likifika, chuo huangamia na mkuu huanza upya kwingine.

Kwa mpenzi wa bao barazani Likoni au Kisauni, mantiki ya gemu hii si ngeni: bao lina mashimo 32 na kete 64, na humpa ushindi anayepanga mbele.