Uvimbe wa Kiunoni: Kisu, Mionzi na Nauli ya Kutoka Mbwera

Mtu wa Mbwera, kwenye Delta ya Rufiji, anayeumwa kiuno huanza kutumia fedha kabla hajaonana na daktari. Ataambiwa ana ngiri, atanunua dawa za mizizi; choo kikimsumbua ataambiwa ni bawasiri. Mara nyingi ni mgongo wa kawaida tu. Lakini maumivu ya juu ya kifandugu yanayozidi mwezi hadi mwezi, ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma: hayo yanataka daktari avae glovu na kupima kwa kidole njia ya haja kubwa. Watu hukionea haya kipimo hicho, na hakuna kingine cha bei ndogo kama hicho. Uvimbe ulioota mbele ya sakramu, yaani mfupa ulio juu ya kifandugu, mara nyingi hushikika.

Hatua ifuatayo ni picha ya MRI, kisha kukata kinyama cha kupima. Hapo usikubali haraka. Kinyama kitolewe kwa mpango wa daktari atakayefanya upasuaji, kupitia mgongoni, kisipitie njia ya haja kubwa, maana sindano inaweza kusambaza mbegu za uvimbe.

Jibu la maabara ndilo linaloamua gharama. Ikiwa ni ependimoma iliyoota kwenye mishipa ya fahamu ya chini, upasuaji unaoutoa mzima bila kuupasua unaweza kutosha. Uvimbe ukibaki, huongezwa mionzi, kwa kawaida mizunguko 28 hivi. Ikiwa ni kodoma, saratani ya mfupa inayompata takriban mtu 1 kati ya milioni kwa mwaka, kisu peke yake mara nyingi hakitoshi, na mionzi inayohitajika ni mikali zaidi: mizunguko 35 hadi 40.

Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, mzunguko mmoja kwa siku. Kwa hiyo ependimoma ni karibu wiki 6 Dar es Salaam, kodoma ni wiki 7 au 8, na mtu wa kukuuguza juu yake. Ukitoka Delta unahesabu chombo kinachosubiri maji yajae, gari la Kibiti, kisha Mbagala hapo Dar es Salaam. Na shamba la mpunga halimsubiri mgonjwa. Upasuaji ni Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili. Mionzi ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambako mashine za mionzi za LINAC zilianza kazi 2018. Mwenye ndugu Mbagala ameshapunguza gharama kubwa, ingawa nauli ya kila siku hadi ufukweni bado ni yake.

Kadi ya bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ya Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliwekewa mpaka kwenye hospitali ya mkoa. MOI na Ocean Road ziko juu ya hapo. Asiye na bima nyingine achukue rufaa na barua ya mtendaji wa kijiji kabla ya kupanda chombo, afike kwanza dirisha la ustawi wa jamii kuomba msamaha wa malipo. Kurudi Mbwera kufuata barua ni hasara tupu.

Wapo watakaokutajia India. Kituo cha mionzi ya protoni cha Apollo kule Chennai kilifunguliwa 2019, na protoni huacha utumbo na kibofu salama zaidi kwa sababu miali yake huishia pale ilipolengwa. Kwa kodoma ni hoja ya kweli. Hata hivyo, hakuna jaribio la kulinganisha lililothibitisha kwamba mgonjwa wa sehemu hii ataishi zaidi kuliko aliyepata mionzi ya LINAC iliyopangwa vizuri. Mimi nisingeuza mikorosho kwa ajili ya safari hiyo kabla daktari wa mionzi wa Ocean Road hajaniambia kipimo gani cha dozi hawezi kukifikia.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti ni ya baada ya kisu. Mishipa ya fahamu ya pili ya sakramu ikikatwa pande zote mbili, mgonjwa hupoteza udhibiti wa mkojo na choo: mipira ya mkojo na nepi za watu wazima miaka yote, tena Delta. Kwa mzee, mionzi bila upasuaji ni chaguo halali.

Waulize daktari wa upasuaji na wa mionzi wakiwa pamoja, kabla ya kulipa chochote: uvimbe utatolewa mzima, mishipa ipi itakatwa, na mionzi itaanza lini?